Kitako cha Sanamu Kule Ngombezi

Mjomba wangu Rajabu,

Shikamoo. Najua haikufikii huko uliko, lakini mkono umezoea kuanza hivyo na leo sina nguvu ya kuugombeza. Naogopa, Mjomba. Hofu imenishika tangu saa sita mchana, na sasa ni saa kumi.

Nimekaa kwenye stoo ya kigango, hapa Ngombezi, juu ya mfuko wa simenti uliobaki nusu. Mlango nimeurudisha. Nje kuna lile shimo ulilolichimba mwenyewe. Nimelifunika kwa mabati mawili, nikaweka mawe juu yake, na kila anayepita namwambia kwamba zege humo ndani halitaki jua. Nadanganya. Kesho saa tatu asubuhi Mzee Joakimu, mwenyekiti wa kigango, anakuja na kamati yake kulitazama shimo hilo. Mkeo, Mama Zaina, naye amealikwa. Mimi ndiye ninayetakiwa kusimama mbele yao na kusema kama kitako cha sanamu ya Mama Maria kinaweza kujengwa upya juu ya kazi yako ya chini. Nikisema ndiyo, jina lako litabaki lilivyo. Nikisema hapana, sijui litabaki nini. Ngoja nikueleze yote kwa mpango, maana mengi yametokea tangu tukuzike, na mengine sikuthubutu kukwambia hata pale kaburini.

Unakumbuka siku uliyomwaga zege la chini mimi sikuwepo. Nilikuwa Handeni kwa dada yako, tunavuna mahindi mbio mbio kabla nguruwe hawajatumalizia. Ulinipigia simu jioni ukasema, "Mwana, nimeshamwaga. Kaa huko umsaidie mama yako, usinikimbilie." Sauti yako ilikuwa nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Tangu kile kiharusi cha kwanza ndivyo ulivyokuwa ukiongea, kwa hiyo sikushtuka. Nilishtuka siku ya nane, Mama Zaina aliponipigia na hakuweza kumaliza sentensi.

Siku mbili nilizokuwahi ukiwa hai, kitandani baada ya kiharusi cha pili, ulikuwa unaniambia neno moja tu kuhusu kazi. "Waambie wasipandishe kitu mpaka nirudi." Ulilisema asubuhi, ukalisema tena adhuhuri. Nilikujibu, "Sawa, Mjomba, watakungoja," nikakufuta mdomo kwa kanga. Nikajua ni kile kiburi chako cha ufundi, hutaki sanamu ipande bila wewe kusimama pembeni na pimamaji yako. Nikatabasamu hata. Leo natamani ningekuuliza kwa nini.

Tulikuzika kijijini, kando ya baba yako. Watu walijaa. Wengine walikuwa hawakujui kwa sura, wanajua tu baraza ulizowajengea. Mzee mmoja alikuja kutoka Kabuku, akasema nguzo nne za nyumba yake ziko pale pale ulipoziacha akiwa kijana. Mzee Joakimu alikuja na wenzake watano wa kigango kwa gari la kukodi, wakasimama nyuma ya safu zetu wakati wa sala, kofia mkononi. Aliponipa pole aliniambia, "Fundi, kazi ya kwetu utaimalizia wewe. Hatutafuti mtu mwingine." Kuna waliomcheka. Fundi mwanamke, tena Mwislamu, tena wa kujenga kitako cha Bikira Maria. Yeye hakujali. Alisema nimefunzwa na Rajabu na hiyo inatosha.

Basi nilirudi kazini. Zege lako la chini nilikuta umelifunika vizuri kwa magunia na udongo, nondo zimesimama wima zinaningoja. Mjomba, sikuligonga. Wewe uliyenifundisha kugonga kila kitako kabla ya kukipandishia kitu, ukaniinamisha hata sikio lishike zege, "kikilia ko, panda, kikilia pu, vunja," mimi sikugonga. Nyundo nilikuwa nayo kiunoni. Niliona nitakuwa kama mtu anayepekua mifuko ya marehemu. Nani agonge kazi yako, siku ya thelathini baada ya kukuzika? Nikafunga mbao juu ya nondo zako, nikaanza.

Nilikuwa na haraka, nakiri. Arobaini yako ilikuwa imekaribia na nilitaka nimwage zege la juu kabla sijapanda gari kwenda Handeni, nisiache mbao zinapinda kwa jua. Asubuhi ile bomba la kigango likawa limekauka. Yule jamaa wa punda anayeuza maji alipokea simu mara tatu, kila mara yuko njiani. Kokoto zimepangwa, mchanga umechekechwa, vibarua wawili wamekaa wanakula muda wangu. Na nyuma ya ukuta, hatua thelathini tu, unapita ule mfereji unaotoka kiwanda cha mkonge.

Nilikwenda kuutazama tu. Pale ukingoni, kwenye majani, nikaiona ndoo yako. Ile ya rangi iliyokatwa mdomo, yenye mpini wa waya uliousokota mwenyewe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, kwa kukuta kitu chako. Nikasema moyoni, kumbe Mjomba alichota hapa, basi maji haya yanafaa. Nikajaza ndoo hiyo hiyo.

Siku ya tatu nilipovua mbao, kucha yangu iliingia kwenye zege. Mjomba, kucha! Nilichora mstari kama unavyochora kwenye sabuni. Nikasema labda ni unyevu, nikangoja siku mbili zaidi. Ikaingia tena. Ndipo nilipokumbuka Mazinde.

Sijui kama uliikumbuka siku ile mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza wa kunifundisha ulinipeleka Mazinde kwenye ile nyumba ya zamani ya meneja wa shamba, yenye nguzo za mawe mbele, ukanikataza kutazama juu. "Shusha macho. Juu wanatazama wageni." Tulizunguka nguzo moja moja tumeinama kama watu waliodondosha sarafu, unanionyesha jinsi kila kitako kilivyo kipana kuliko nguzo, jinsi pembe ya chini inavyolala ili maji ya mvua yasikae, jinsi mtu wa zamani alivyoweka jiwe kubwa chini na dogo juu. Mlinzi alidhani tumepoteza akili. Tuliporudi barabarani tukakuta watu wanajenga choo na kuchota maji ya mfereji wa mkonge, ukawapigia kelele: "Acheni hayo! Yana utomvu. Maji ya mkonge huilewesha simenti, haiamki tena." Wakacheka, na mimi nikacheka. Kwa sababu asubuhi ile ile ulikuwa umeniambia kwamba mtu aliyegombana na mkewe asikoroge zege, litapasuka. Nikayaweka yote kapu moja, kapu la masihara yako. Ungenifundisha ukiwa umenuna, Mjomba, ningekumbuka.

Kilichofuata ndicho kinachonitia aibu kuliko kosa lenyewe. Sikuvunja. Nilikuwa nimeshatumia simenti ya kigango, sadaka za watu wanaokata mkonge tangu alfajiri, na jina lako lilikuwa bado la moto midomoni mwa watu. Nikatafuta maji safi, nikakoroga lipu nzuri kuliko zote nilizowahi kukoroga, nikakivisha kitako chote, kingo nne, ukanda wa juu, ukanda wa chini, nikamalizia na niru, ule uji wa simenti tupu, mpaka kikang'aa. Kila aliyepita alisimama kukisifu. Mzee Joakimu alikipitishia kiganja akasema, "Mwana wa dada yake, lakini mkono ni ule ule." Nilijibu asante.

Nilijiambia ndani kutakauka polepole. Nilijiambia hivyo kila siku kwa wiki tano.

Sanamu ililetwa na lori kutoka Tanga, imefungwa kati ya magodoro mawili. Ni kubwa, Mjomba, ni ya zege tupu, inanipita kimo na mikono imeinyoosha hivi. Waliinyanyua kwa mnyororo na wanaume kumi na mmoja. Mimi nilikuwa napiga kelele "taratibu, taratibu," na wao wakadhani ninajali sanamu. Nilikuwa nakitazama kitako. Ilipotua juu yake nilifumba macho. Hakuna kilichotokea. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikakaa pale pale chini kwenye mchanga, wakacheka kwamba fundi amechoka.

Tangu siku ile sikupumzika. Kuna bibi mmoja, Bibi Veronika, kibarua wa zamani wa shamba, mgongo wake umepinda kwa miaka ya kufunga matita. Akawa anakuja kila siku baada ya saa tisa, anakaa chini, anaegemeza mgongo kwenye kitako changu na kusali rozari yake mpaka inakwisha. Anasema saruji ina ubaridi, inamtuliza mgongo. Nilimwambia, "Bibi, kaa kule kwenye benchi, hapa kuna sisimizi." Akanijibu, "Sisimizi nimezaliwa nao, mwanangu." Nilianza kutafuta sababu za kutoka nyumbani Masuguru kuja Ngombezi kila alasiri, nikae karibu naye. Nilibeba mwiko ili nionekane nina kazi. Lori la mkonge likipita barabarani na ardhi ikitetemeka, naitazama mikono ile ya zege juu ya kichwa chake. Ningefanya nini, Mjomba? Ningeidaka?

Jumatatu ya wiki iliyopita niliona ufa. Mwembamba, unaanzia kwenye pembe ya nyuma na kushuka. Nikagonga. Nilikiinamishia sikio kama ulivyonifundisha, na kitako kikalia pu.

Baraka ya sanamu ilikuwa imepangwa Jumapili. Padre anakuja, vigango vingine vinakuja, watoto wa komunyo wamepangiwa kukizunguka kitako kwa maua. Nilihesabu siku kwa vidole kama mgonjwa. Jumanne nikaenda hadi mlangoni kwa Mzee Joakimu nikarudi. Jumatano nikaenda nikamwambia habari za mvua. Nilikuwa naogopa vitu vingi kwa pamoja hata sijui kipi kilikuwa mbele. Niliogopa sanamu kuanguka, niliogopa kufukuzwa kazi. Na nikuambie lile ambalo sikumwambia mtu: niliogopa watasema tumefanya kusudi. Waislamu wawili wamepewa kumjengea Mama wa watu, wamemwekea uchafu chini ya miguu. Hapa tumeishi vizuri, tunapikiana, tunazikana. Lakini neno kama hilo likishatoka hulirudishi, na watalisema wakinitaja mimi na wewe.

Alhamisi nikasema. Nilimkuta Mzee Joakimu anapalilia mihogo, sikumsalimu hata vizuri, nikaanza tu: maji, mfereji, kucha, lipu, ufa. Nililia. Alinisikiliza ameegemea mpini wa jembe. Nilipomaliza aling'oa gugu moja, akalitupa pembeni. Kisha akasema, "Umenikasirisha, fundi. Lakini umeniletea habari hii kabla hajafa mtu. Hilo nalishika." Akapangusa mikono. "Na chini? Huko chini kukoje?"

Mjomba, nilijibu bila kufikiri, na kwa mara ya kwanza wiki nzima nilijibu kwa nguvu. Nikasema, "Chini ni kazi ya Mjomba. Chini ni mwamba. Kosa ni langu la juu peke yake."

"Basi chini hatuna shida," akasema.

Ijumaa waliishusha. Jumapili baraka ilifanyika sanamu ikiwa imesimama chini kwenye mkeka, mbele ya kanisa. Padre alitangaza kwamba kitako kina kasoro na kinajengwa upya, hakutaja mtu. Nilisimama nje ya uzio nikitegemea kupigwa mawe. Hakuna aliyenirushia hata neno, ingawa wapo walionikata jicho. Bibi Veronika alimfikia Mama Maria uso kwa uso, akamshika shavu, akasema kwa sauti, "Kumbe macho yake ni ya upole! Nilidhani ananitazama kwa hasira kule juu." Watu wakacheka pale uwanjani. Na mimi nikacheka, Mjomba, nikaona hofu imekwisha.

Baada ya misa kamati ilikaa. Waliamua mambo mawili. La kwanza, nitavunja sehemu yangu ya juu na kuijenga upya bila ujira, juu ya zege lako. La pili lilikuwa wazo la Mzee Joakimu mwenyewe: kwa kuwa kazi yako ya chini ndiyo iliyosimama, wataweka kigae kidogo cha marumaru upande wa mbele, kiandikwe kwamba kitako hiki kiliwekewa msingi na Fundi Rajabu. Kigae kimeshaandikwa. Nimekiona. Walimpelekea habari Mama Zaina kule Masuguru, na mama wa watu amefurahi vile ambavyo sijamwona akifurahi tangu uondoke. Maisha yake yote na wewe uliweka vitako chini ya vitu vya watu na hakuna aliyeandika jina lako popote. Aliniambia, "Mwana, atakuwa hajafa kabisa." Ameitoa kanga yake mpya ya kuvaa kesho.

Na leo asubuhi nikashika sururu.

Sehemu yangu ilivunjika kama ugali uliolala. Ndani ilikuwa ya kijani kibichi, na humo nikaona nyuzi za mkonge, nyembamba, ndefu kama kidole, zilizoingia na maji ya mfereji. Niliona haya lakini nilifanya kazi kwa raha, nasema moyoni, vunja, vunja, ukifika kwa Mjomba utasimama. Vibarua niliwarudisha nyumbani saa tano, nikitaka kufika kwako nikiwa peke yangu. Nilifagia vumbi. Nikalowanisha brashi nikasafisha uso wa zege lako na nondo zako. Nikachukua nyundo ndogo nikagonga. Sikuwa nakagua, Mjomba. Nilitaka tu kukusikia.

Ikalia pu.

Nikagonga pembeni. Pu. Nikashuka shimoni, nikachimba udongo ubavuni, nikaingiza kucha. Iliingia, Mjomba. Nikachukua mtarimbo, na sikuhitaji hata kuutia nguvu. Lilimeguka pande kubwa kama kichwa, nikalipasua kwenye goti, na ndani yake kuna unyuzi wa mkonge. Nikapasua jingine. Nyuzi mbili. Nikakaa shimoni nimeshika hilo zege.

Ile ndoo pale mferejini. Nilikuwa nimejisadikisha kwamba uliiacha baada ya kuosha vifaa.

Nimekukasirikia. Nisikufiche, nimekukasirikia hapa stoo kwa saa nzima, nimekuita majina ambayo nisingethubutu ukiwa hai. Wewe uliyewapigia kelele watu wa choo barabarani! Halafu nikaanza kukuona. Bomba la kigango liko juu kule, mteremko na mawe. Mkono wako wa kushoto ulikuwa haushiki hata kikombe. Vibarua ulikuwa huwaiti ukiwa dhaifu, hukutaka wakuone. Mimi niko Handeni na mahindi. Mfereji ni hatua thelathini. Nakuona ukienda na ndoo moja, mkono wa kulia, unapumzika, unarudi, unakwenda tena. Labda ulijiambia ni mara moja tu. Labda kichwa kilikuwa kimeshaanza kukuacha na hukujua mfereji ni wa nini. Au ulijua kabisa, na ndiyo maana ulinishika kanga pale kitandani ukasema wasipandishe kitu mpaka urudi. Ulitaka kuja kulivunja mwenyewe, Mjomba? Ulitaka uje kimya kimya ulivunje na kumwaga jingine kabla sijajua? Sitapata jibu, na hilo linaniuma kuliko zege.

Nimefikiria kufukia. Nakuambia ukweli wote. Naweza kukata sehemu ya juu ya zege lako, nimwage tabaka moja gumu, unene wa kiganja, na kesho wagonge wenyewe wasikie ko. Kigae kitawekwa. Mama Zaina atavaa kanga yake. Hakuna atakayejua ila mimi, kama mara ya kwanza. Na Bibi Veronika atarudi na mgongo wake saa tisa, na mimi nitarudi na mwiko wangu kukaa karibu naye kila siku ya Mungu, nikisikiliza malori. Siwezi tena. Naogopa kusema, lakini nimeshakaa na ile hofu nyingine na naijua, sitaki kuishi nayo.

Kwa hiyo nakuaga, Mjomba, nakwenda kufanya jambo ambalo hungelitaka, au labda ndilo ulilolitaka. Kwanza nitapita Masuguru jua halijazama, nimweleze Mama Zaina nikiwa nimekaa karibu yake, ili asije kulisikia kesho mbele za watu akiwa amevaa kanga mpya. Huenda akanifukuza. Naogopa hilo kuliko kamati nzima. Halafu kesho saa tatu nitayaondoa mabati. Nitasema: la juu nilimwaga mimi kwa maji ya mkonge, na la chini alimwaga Mjomba Rajabu kwa maji yale yale. Nitakutaja. Sitaanza na ugonjwa wako ili wakuonee huruma kabla hawajajua. Wakiuliza sababu nitawaambia ulikuwa mgonjwa na ulikuwa peke yako, na kwamba mimi nilipaswa kuwepo. Wakitaka kukivunja kile kigae, nitaomba nikivunje mwenyewe.

Dua yangu ni ile ile, Mungu akupe nafasi na akusamehe, na mimi anisamehe nilivyokusema leo. Nakuahidi kitu kimoja tu, sina zaidi ya hicho: wakiniruhusu au wasiponiruhusu kujenga tena, zege lako nitalitoa shimoni lote kwa mikono yangu, mpaka udongo mtupu. Sitamwachia fundi mwingine alimegue huku anacheka.

Mpwa wako,
Mwanahamisi